Rejareja

Meza yangu iko ng'ambo ya lango la chuo, hapa Moshi,
kando ya ukuta wenye matangazo ya vyumba vya kupanga.
Nauza kalamu, karanga, vocha, pipi za kifua,
na sigara, rejareja,
maana mwanafunzi hanunui pakiti.
Pakiti ni kukiri.
Moja ni "leo tu, Kunda, leo tu."

Kiberiti nimekifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza.
Uzi mfupi, makusudi; viwili vilishaibwa.
Kwa hiyo anayewasha sharti ainame:
mhasibu mtarajiwa, mwanasheria mtarajiwa,
Masunga wa mwaka wa tatu na suti yake ya kuazima,
wote huniinamia kama watoto wa kipaimara,
kisha hunyoosha mgongo, wakapuliza juu,
kule ambako Kibo, siku ukipenda, huonekana.

Rweyongeza akipigiwa na mama yake kutoka Muleba
hujibu, "Niko Moshi," moshi ukimtoka puani,
na hajasema uongo.

Wiki ya mitihani naongeza mzigo.
Kalamu nne, sigara arobaini.
Sijui nani aliwaambia kwamba akili huwashwa.

Jana alikuja binti na dodoso.
Mkunde, wa uuguzi, koti jeupe limekunjwa mkononi.
"Kaka, dakika kumi tu. Ni utafiti,
uvutaji na elimu kwa vijana."
Nikamwambia uliza, wateja bado wako darasani.

Umri?
Ishirini na sita.
Elimu?
Kidato cha pili, sikumaliza.
Akaandika upesi, kama mtu aliyelijua jibu.
Kwa siku unavuta ngapi?
Sivuti.
Kalamu ikasimama.
Uliacha lini?
Sikuanza.
Akageuza karatasi mbele, akageuza nyuma,
akinitafutia kisanduku.

Sikumwambia yote. Dodoso lina mistari mifupi.
Sikumwambia habari za baba, mbeba magunia ya kahawa,
aliyesokota tumbaku kwa gazeti la jana
akakohoa tangu Kwaresima hadi mavuno,
na mimi ndiye niliyebaki nyumbani kumshikia beseni.
Wenzangu walisoma vitabu. Mimi nilisoma kifua,
usiku kucha, sikio juu ya shati lake,
nikihesabu pumzi, na hesabu ikizidi kuwa rahisi.
Cheti sikupewa.

Wala sikumwambia kwamba karanga nazifungia
kwa karatasi wanazotupa wenyewe muhula ukiisha.
Ndimo nilimosoma kuwa mapafu yana vifuko vidogo,
vidogo kuliko mayai ya dagaa,
na kwamba ukivitandaza vyote
vitafunika sakafu ya darasa.
Nilitaka kujua zaidi.
Ukurasa wa pili aliondoka nao mtoto
aliyenunua za mia mbili.

Tulipomaliza, akafunga faili.
Akatazama kulia, akatazama kushoto.
"Nipe moja."

Akainama. Uzi ni ule ule.

"Na wewe, dada, nikuandike kisanduku gani?"
Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
kikavu, kifupi, cha juujuu.
Nakijua. Hicho bado ni darasa la kwanza.
Nikafungua mdomo nimwambie,
kisha nikakumbuka nani anamuuzia nani,
nikamrudishia chenji.

Alivuta nusu. Akaizima ukutani,
juu ya namba ya simu ya mwenye vyumba,
akaiweka mezani taratibu, kama kitu cha thamani.
"Nitunzie. Nina kipindi."

Nimeifunika kwa kifuniko cha kalamu.
Jioni amepita Masunga, mfuko mtupu,
akaiona, akanyoosha mkono.
Nikamwambia acha,
hiyo ina mwenyewe, anasoma.